Mimi ndiye niliyemwosha, na mimi ndiye niliyeachiwa funguo

BARUA

Bi Mshauri, shikamoo.

Barua hii nimeiandika mara nne nikaichana. Hii ya tano naiandika saa tisa za usiku, nyumba imelala, na nikiisoma tena nitaichana nayo. Kwa hivyo naituma kama ilivyo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mzaliwa wa Mji wa Kale, nimekulia Kisauni. Nilianza kujitapisha nikiwa kidato cha tatu. Sitaeleza zaidi ya hapo, maana najua wapo wasichana watakaoisoma barua hii, na maelezo ya aina hiyo kwao huwa mafunzo. Yatosha kusema kwamba kwa miaka kumi nilikuwa watu wawili: mmoja wa mezani na mwingine wa chooni. Mamangu alidhani nina vidonda vya tumbo. Nyanyangu alisema ni jicho la hasidi, akanipeleka kusomewa. Daktari mmoja alinipima Ukimwi mara tatu, akanipa vitamini. Hakuna aliyeniuliza nakulaje.

Aliyeniuliza ni marehemu. Nitamwita Mwalimu, kwa sababu ndivyo sote tulivyomwita ingawa hakuwahi kufundisha shule yoyote. Tulikutana harusini Majengo, upande wa wanawake. Mimi nilikuwa natoka chooni, yeye anaingia. Akanitazama, akanishika mkono, akaniambia polepole, "Hata mimi nilikuwa nafanya hivyo." Hayo tu. Nililia mpaka wanja ukanichora uso mzima.

Wakati huo alikuwa na kikao cha Jumamosi nyumbani kwake, watu watano juu ya mkeka. Walipika pamoja, wakala pamoja, kisha wakaketi saa nzima bila mtu kuinuka. Mwalimu alikuwa akisema dawa yetu ni hiyo saa, kwamba kula wengi wetu twaweza, kazi ni kukaa na chakula tumboni. Kikao kikawa kikundi, kikundi kikaandikishwa, tukapata vyumba viwili vya kukodi, mfadhili mdogo wa ng'ambo na laini ya simu ya msaada. Leo tuko arubaini na kitu, sita kati yetu wanaume.

Mwalimu alifariki miezi tisa iliyopita. Alilala, hakuamka. Familia ilisema ni moyo na mambo yakaishia hapo. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya alasiri, na maiti haikufanyiwa uchunguzi.

Bi Mshauri, mimi nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Tumefundishwa kwamba anayeosha maiti husitiri alichokiona, nami nimesitiri. Hata kwako sitakitaja. Ila mtu aliyeishi na ugonjwa huu miaka kumi huzijua alama zake, na nilipozigusa nilijua Mwalimu hakuwa amepona. Au alipona, ukamrudia, akatuficha sisi aliotufundisha tusifiche.

Na liko jambo jingine, hili ndilo linaloniamsha saa tisa. Miezi mitatu kabla ya kifo chake nilimwona Jumamosi mbili akiinuka kabla saa haijaisha. Ya kwanza nilinyamaza. Ya pili nikamuuliza, akasema tumbo. Nikaitikia. Mimi, niliyewaambia watu "tumbo" miaka kumi!

Siku ya tatu ya matanga dadake mkubwa aliniletea funguo za vyumba vyetu, amezifunga kwenye pindo la leso. Nilikuwa katibu, nikawa mwenyekiti bila mtu kupiga kura. Ile laini ya msaada ilisajiliwa kwa jina la Mwalimu, na simu yenyewe tangu siku hiyo iko mkobani mwangu. Mwezi wa pili baada ya mazishi, msichana mmoja wa Likoni asiyekuwa na habari aliandika, "Mwalimu upo?" Nikamjibu, "Nipo." Tuliandikiana hadi adhana ya alfajiri. Mpaka leo sijamwambia.

Mfadhili wetu ameacha kutuma pesa. Shirika kubwa la afya ya akili la Nairobi limejitolea kutuchukua. Watalipa kodi na kutuletea mshauri mwenye leseni. Wanataka tuwe kikundi cha afya ya akili kwa jumla, jina libadilike, na chakula cha Jumamosi kikome, kwani hawawezi kubeba dhamana ya wagonjwa kula pasipo mtaalamu. Jibu wanalitaka mwisho wa mwezi ujao. Nusu ya wanachama wanasema nikikubali nitakuwa nimemzika Mwalimu mara ya pili. Nusu wanasema nisipokubali, Ramadhani itatukuta tumefunga milango.

Kisha familia inaandaa hitma ya mwaka, na kesho yake mkutano wa kumkumbuka, na dadake ameniomba nizungumze. Amenipa hata maneno: nieleze jinsi Mwalimu alivyoushinda ugonjwa. Tuna binti wa miaka 19 ambaye kila Jumamosi, kabla ya kutia tonge mdomoni, husema, "Mwalimu alipona, na mimi nitapona." Siku hiyo atakuwa ameketi safu ya mbele.

Nikisema alishinda, nadanganya. Nikisema ninachokijua, navunja sitara ya mtu niliyemwosha kwa mikono yangu, naiaibisha familia yake, na huenda nikamvunja yule binti. Nikikataa kuzungumza, wataniuliza kwa nini.

La mwisho nilitaka kuliacha. Tangu matanga sili vizuri. Kujitapisha nimejitapisha mara mbili tu. Jumatatu na Alhamisi nasema nimefunga, siku nyingine nasema nimeshakula. Watu wanasema ni huzuni. Jumamosi mimi ndiye mpakuaji, nazunguka na sinia, nawahimiza wenzangu, na hakuna anayetazama sahani yangu.

Nifanyeje?

Aliyeachiwa Funguo, Mombasa

JIBU

Marahaba mwanangu. Na pole. Nakupa pole ya msiba kwanza, kwa sababu katika barua yako nimekutana na katibu, mwenyekiti, mwoshaji, mshika simu na mpakuaji, ila sikuona mahali popote ambapo mtu alikukalisha chini akakupa mkono wa tanzia. Umefiwa na mtu aliyekuokoa. Hilo peke yake lingetosha kuijaza barua nzima.

Umeniletea mambo mengi yaliyofungana kama nyavu: kuna hotuba, kuna siri, kuna shirika la Nairobi, kuna simu. La mwili wako umeliweka chini kabisa, karibu ulifute. Niruhusu nianze na hilo.

Umeandika "mara mbili tu." Wewe ni mwenyeji wa ugonjwa huu, na hilo neno "tu" umelisikia kwa watu wengi juu ya mkeka ule, unajua huwa limebeba nini. Sikukaripii. Huzuni kweli hukata hamu ya kula, mfiwa yeyote atakwambia wali wa matanga haupiti kooni. Ndiyo maana ugonjwa huu hupata pa kujibanza nyumba ikiwa na msiba, kwani huko kila mtu ana sababu ya kutokula na hakuna anayeuliza. Na kiti cha mpakuaji ni maficho mengine. Nani huhesabu matonge ya mwenye kushika upawa?

Kujitapisha hupunguza potasiamu kwenye damu, na moyo huitegemea potasiamu ili upige kwa mpango. Ikishuka, mapigo yanaweza kwenda kombo bila onyo, hata kwa mtu ambaye ukimtazama umbo ni la kawaida. Kipimo cha damu na kile cha umeme wa moyo ni vipimo vya kawaida hospitalini. Naomba uende wiki hii, na safari hii usimwachie daktari abahatishe. Mwambie wazi: niliwahi kuugua bulimia (ndio huu ugonjwa wa kujitapisha), nimejitapisha, nimekuwa nikijinyima chakula. Mwambie pia kabla ya kuanza kula sana ghafla, maana mwili uliozoea njaa ukirudishiwa chakula kwa pupa unaweza kuvurugika madini yake, na hilo nalo lina hatari yake. Ukihisi moyo unaruka, kizunguzungu cha kuanguka, au ukazirai, usingoje kesho. Na zile saa tisa za usiku zikianza kukuletea fikra za kutotaka kuishi, namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya hupigwa bila malipo.

Kuna sababu nyingine ya kuanza hapa. Mwaka 1944 na 1945, huko Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya njema walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi ili wataalamu wajue njaa humfanyia nini binadamu. Vita vilikuwa vimeacha watu wengi wenye njaa Ulaya, na ilitakiwa kujua namna ya kuwalisha tena. Wale wanaume walikonda, naam, lakini kilichotisha ni vichwa vyao. Waliwaza chakula mchana na usiku, wakawa wanasoma vitabu vya mapishi kama riwaya, wakawa wepesi wa hasira, wakajitenga, ucheshi ukawaishia, mambo madogo yakawaelemea. Hao walikuwa wazima walipoanza, wala hawakuwa wafiwa. Nakusimulia haya kwa sababu unajitaka uamue hatima ya watu arubaini, na sijui ni kiasi gani cha kukata tamaa kilicho ndani ya barua hii ni cha hali halisi, na ni kiasi gani ni njaa inayosema.

Kuhusu kufunga. Swaumu ya Jumatatu na Alhamisi ni sunna, hailazimu hata kwa mzima. Na Ramadhani yenyewe, Sura ya Al-Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kuzihesabu siku hizo baadaye. Zungumza na sheikh unayemwamini ambaye hatakucheka ukimwambia huu ni ugonjwa, umpelekee na neno la daktari. Jibu la moyoni mwako, kwamba huo ni ulegevu wa imani, ningependa ulitilie shaka. Limetoka kwenye imani, au limetoka kule kwingine?

Sasa tuje kwa Mwalimu. Nimekisoma kile kipande cha kuosha mara nyingi, na kila mara najiuliza: unajua nini hasa? Unajua kwamba aliugua. Hujui ni lini. Alama nyingine hudumu miaka baada ya tabia yenyewe kukoma. Hujui pia kilichousimamisha moyo wake. Yale niliyokueleza ya potasiamu yanawezekana, kama zinavyowezekana sababu nyingine nyingi za mtu kulala asiamke, na uchunguzi haukufanywa. Miezi tisa umeishi na hukumu ambayo hakuna daktari aliyeitoa. Simaanishi kwamba umekosea. Huenda uko sawa kabisa. Nasema tu kwamba unachokibeba ni dhana yenye nguvu, na mtu huibeba dhana tofauti na anavyobeba yakini.

Halafu lile la kumuuliza akasema tumbo. Umelisimulia kama kosa lako. Lakini ulimuuliza, mwanangu! Katika watu arubaini wewe ndiye uliyeona, na wewe ndiye uliyefungua mdomo. Naye alikuwa mtu mzima, aliyeujua mlango wa kutokea kuliko sisi sote, akachagua kutokupitia. Mimi nimejiuliza angekwenda kwa nani. Kila aliyemzunguka alikuwa amemwegemea. Mkeka ule aliutandika yeye, lakini ulikuwa na nafasi kwa kila mtu isipokuwa kwa Mwalimu akiwa mgonjwa. Kwa miaka yote mtu mmoja alipaswa kuwa ushahidi kwamba inawezekana, na ushahidi haupewi ruhusa ya kuumwa.

Hapo ndipo barua yako iliponishtua. Umefundishwa mahali alipokuwa ameketi, ukaketi hapo hapo. Yeye alisema tumbo, wewe unasema nimefunga. Zile funguo zilikuja na kitu kingine ndani ya pindo la leso, na sina hakika kwamba unalazimika kukirithi.

Turudi kwa hotuba. Nakuomba uliangalie kwanza neno lenyewe. Dadake anataka useme "aliushinda ugonjwa." Kwetu kushinda kuna maana mbili. Kuna kushinda kwa mwenye mpira na kombe lake, na kuna kushinda kwa salamu ya jioni, "umeshindaje?" Mtu hushinda dukani, hushinda na mtoto mgonjwa. Mwalimu alishinda na ugonjwa wake. Siku baada ya siku alishinda nao, akapika, akatandika mkeka, akafungua simu, akamshika mkono msichana mlangoni mwa choo cha harusi. Hilo ni kweli, iwe ulimrudia au haukumrudia. Hata kupona kuna tabaka zake, kwani mtu wa Mombasa akiulizwa hali ya mgonjwa husema yuko ashekali kabla hajathubutu kusema amepona. Sikupi maneno ya kusoma, dadake amekwisha kukupa ya kutosha. Naonyesha tu kwamba kati ya uongo na kumfunua maiti pana uwanja mpana kuliko ulivyouona saa tisa za usiku.

Ukisimama ukasema alishinda kama alivyotaka dadake, siku hiyo itapita salama. Hatari yake iko mbele. Yule binti wa miaka 19 amesimamisha kupona kwake juu ya nguzo moja. Siku atakayoteleza, na wengi huteleza katika safari hii, ataona ni yeye peke yake aliyeshindwa ambapo Mwalimu aliweza, na mtu anayejiona hivyo hujificha. Ukisema kila ulichokiona, utakuwa umetua mzigo, lakini kilichoonwa na mwoshaji ni amana, na wapo watakaokisikia wasiwe na pa kukiweka. Wengine watakipeleka barazani. Sidhani unataka kuliona jina lake likizungushwa mitaani pamoja na kahawa chungu.

Kuna njia nyingine, nayo ina miiba yake. Sitara ya marehemu haikufungi mdomo juu ya nafsi yako. Unaweza kusimama ukasema kwamba tangu msiba wewe mwenyewe hukuwa sawa, kwamba ulirudi nyuma, kwamba umeomba msaada. Yule binti angemwona mtu aliyeteleza na bado yuko hai mbele yake, amesimama. Lakini ifikirie vizuri. Wenye akili watajumlisha moja na moja. Baadhi ya wanachama watatikisika kumwona mwenyekiti akiumwa. Wale wa Nairobi wanaweza kusita. Na ukilisema kabla hujapata daktari na mtu wa kukushika mkono, itakuwa umejivua nguo uwanjani bila leso ya kujifunika. Huenda likawa jambo la mwaka ujao. Huenda likasemwa kwa watu watatu mkekani, lisifike jukwaani. Au pia mtu mwingine azungumze siku hiyo, wewe uketi na wafiwa. Mfiwa hadaiwi maelezo.

Kabla ya yote hayo, je, umewahi kuketi na dadake? Umeandika kana kwamba familia haijui. Huyo ndiye aliyezifunga funguo kwenye pindo la leso akakuletea wewe, akawaacha wengine wote. Huenda hajui lolote. Huenda anajua zaidi yako, na "aliushinda" ni dua anayotaka mtu mwingine aitamke kwa sauti ili yeye aweze kuiamini. Kwenda kwake hakukulazimu kusema ulichokiona. Unaweza kumuuliza tu, "Siku zile za mwisho alikuwaje?" kisha unyamaze usikilize. Anaweza kukufungia mlango, na mlango uliofungwa na mfiwa huchelewa kufunguka. Hatari hiyo ipo.

Simu sasa. Ile "Nipo" yako imeniliza. Sikusikia uongo ndani yake. Nilisikia mtu asiyetaka mwingine aachwe gizani kama alivyoachwa yeye. Ila msichana wa Likoni anayo haki ya kuomboleza, na kila siku inayopita inamnyima, na akija kusikia kwa mtu mwingine huenda asiiandikie tena simu yoyote. Sidhani ni habari ya kuandikwa kwa ujumbe. Labda umwite mkutane upande wake, usimpandishe feri peke yake kurudi nyumbani na habari kama hiyo. Na laini yenyewe ihamishwe iwe ya kikundi, ishikwe kwa zamu na watu wawili au watatu, ilale kwa mwingine usiku fulani. Nafahamu kwamba kuitoa mkobani kutauma kama mazishi mengine.

Juu ya shirika la Nairobi nitasema machache, kwa sababu nadhani ndilo jepesi kuliko yote ingawa lina tarehe. Sharti la chakula limewaudhi wenzako, lakini lina uzito. Mtu aliyedhoofika sana anahitaji jicho la kitabibu anapoanza kula, na Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, inayotaka wanaotoa ushauri nasaha kitaalamu wasajiliwe. Nyinyi mna kitu kingine, mna uandamani wa watu waliopita njia hiyo hiyo, nao haupungui thamani ukiitwa kwa jina lake. Kwa upande mwingine, chakula cha pamoja si mazoea ya mtaani tu. Katika hospitali ya Maudsley, London, walijenga tiba nzima ya vijana wenye anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula, ambayo msingi wake ni wazazi kumlisha mtoto wao nyumbani, mezani. Kwa hivyo unaweza kuwauliza wale wa Nairobi: akiketi mtaalamu wa lishe juu ya mkeka wetu, Jumamosi yaweza kubaki? Tunaweza kujaribu mwaka mmoja bila kubadilisha jina? Wakisema hata kuuliza hakuruhusiwi, utakuwa umejua jambo.

Hofu yangu kubwa iko kwenye yale maneno "kwa jumla." Wapo watakaosema ugonjwa huu ni wa Wazungu, hautufai sisi tunaomsifu bibi harusi aliyenawiri. Fiji nako mwili mnene ulikuwa heshima. Televisheni ilifika eneo la Nadroga mwaka 1995, na miaka mitatu baadaye wasichana 11.3 kwa mia walisema wamewahi kujitapisha ili wapunguze uzito, ambapo mwanzoni hapakuwa na hata mmoja aliyesema hivyo. Leo mabinti zetu wana skrini viganjani. Ugonjwa uliokosa jina hurudi kuwa vidonda vya tumbo na jicho la hasidi, na daktari hutoa vitamini. Wenzako wanaolilia jina la kikundi huenda wanamlilia Mwalimu, lakini ndani ya kilio hicho kuna hoja ya kusikilizwa. Na wale wanaotaka mkubali nao hawamsaliti mtu, wanaogopa kodi, na kodi haina huruma.

Jambo moja la kikaratasi: ulipewa uenyekiti kwa funguo, bila kura. Katiba ya kikundi chenu itakuwa na kipengele juu ya kiongozi anapofariki. Iteni mkutano, muandike kumbukumbu, mchague. Wanaweza kukuchagua wewe. Wanaweza pia, ukiwaomba, kuchagua wawili wa kusaidiana nawe. Saini ya mtu asiyechaguliwa kwenye mkataba mkubwa inaweza kuja kupingwa. Na mwisho wa mwezi ujao ni tarehe yao. Kikundi kilichofiwa na mwanzilishi kinaweza kuomba muda, nao wanaweza kukubali au kukataa.

Sijui utaamua nini, mwanangu, na nisingependa uamue kwa sababu yangu. Ila Jumamosi hii kuna jambo dogo ningependa ulijaribu. Sinia ikitoka jikoni, mpe mwingine upawa. Chagua mtu mmoja, si lazima awe shupavu, umwambie kabla hamjaanza: "Leo nikae karibu nawe, na nikiinuka kabla saa haijaisha, nifuate." Kisha uketi, upakuliwe.

Barua ya sita ikija, usiichane. Nitaisoma hata kama ina mstari mmoja.